Msomaji wa Kumi na Nne

Kazi ya Mzee Fidelis Nyaulingo ilikuwa kusoma asichokielewa, na aliajiriwa kwa sababu hiyo hiyo. Siku ya usaili waliwakataa mabinti wawili wenye shahada na mwalimu mmoja mstaafu, wakamchukua yeye aliyeishia darasa la nne. Bwana wa usaili alimweleza bila haya: "Msomi akiona kosa, mdomo wake unalisahihisha kabla mwenyewe hajajua. Sisi tunataka mtu wa kusoma kilichopo." Nyaulingo akarudi nyumbani akamwambia mkewe, Sekalinga, kwamba hatimaye ujinga wake umepata mshahara. Walicheka mpaka uji ukaungua.

Hiyo ilikuwa miaka sita nyuma. Siku hizi uji hauungui, kwa kuwa hakuna anayeupika.

Jumatatu hiyo aliingia kibandani saa mbili asubuhi na koti lake la baridi, maana Ihemba mwezi wa saba huvui koti ukabaki na heshima. Kibanda kilitosha mtu mmoja na kiti chake: kioo mbele, kipaza sauti karibu na mdomo, mlango nyuma. Kurasa zikaanza kupita kiooni, naye akazisoma kwa sauti, neno kwa neno, tarakimu kwa tarakimu. Ukurasa wa winchi ya bandarini. Ukurasa wa jokofu la chanjo. Ukurasa wa taa za njia panda katika miji ambayo hangeifika maisha yake yote. Kila alipomaliza mmoja, mtambo wa kusikiliza ulijibu, "Imelingana," na ukurasa ukapigwa muhuri wa siku.

Imelingana na nini? Na jana, basi. Hakuna aliyeuliza zaidi ya hapo.

Mashine za zama hizi hazibebi akili, zinaazima. Kabla haijafanya jambo, kila mashine huuliza mwongozo wake, na mwongozo haukai kwa aliyeiunda. Waundaji walichoka zamani kutunza vitabu vyao. Hospitali haziwezi. Ndipo akajitokeza mtu wa kati, kampuni iliyojiita Amana, akakusanya miongozo ya dunia nzima katika jumba refu la matofali nje ya mji wa Ihemba, kwa kuwa baridi ya huku inapoza mitambo bila gharama. Amana haikuandika kitabu hata kimoja wala haikuunda hata kibiriti. Inatunza tu. Na kwa wakubwa wa Amana, kutunza ni ukurasa wa leo ufanane na wa jana, na wa kesho ufanane na wa leo, mpaka mwisho wa dunia au mwisho wa mkataba.

"Pampu ya dawa, aina ya Te-tisa," Nyaulingo alisoma. "Ukurasa wa mia nne kumi na saba. Hatua ya kwanza: tano. Hatua ya pili, saa nane baada ya kuanza: sitini."

"Imelingana."

Muhuri ukaanguka. Ndipo macho yake yakateremka kwenye pembe ya chini ya kioo, kwenye tarakimu ndogo inayoonyesha ni mashine ngapi zinauliza ukurasa huo kwa sasa. Kwa miezi mitano tarakimu hiyo ilikuwa sifuri, na yeye kila asubuhi aliiangalia kama mtu anayepita kaburini kuona kama majani yameota.

Leo ilikuwa moja.

Akaigusa ile moja kwa kidole. Ikafunguka: *Kituo cha Afya Mbalamo. Imeanza saa moja kamili asubuhi.* Saa nane baada ya saa moja. Alihesabu kwa vidole, kisha akarudia, kisha akakubali. Saa tisa alasiri.

Mtu fulani alikuwa amelala huko Mbalamo na pampu ya aina ileile iliyomuua Sekalinga.

*

Yeye aliijua habari nzima, ingawa hakuna mkubwa aliyemweleza. Fundi mmoja wa kike wa hospitali ndiye aliyemvuta pembeni siku ya pili ya msiba akamwambia. Waundaji walikuwa wameivisha pampu kichwa kipya, ndivyo mafundi wanavyosema. Hatua ya kwanza haikuguswa; ni ya pili: kichwa cha zamani kikiambiwa sitini kinatoa matone sitini kwa saa. Kichwa kipya kikiambiwa sitini kinatoa sitini kwa dakika. Kwa hiyo ukurasa nao ulitakiwa kubadilika: pale penye sitini paandikwe moja. Lakini Amana ilishika ukurasa wake wa zamani, pampu ikauliza, ukurasa ukajibu sitini, na dawa ya kutwa nzima ikamwingia Sekalinga katika muda wa mtu kwenda kununua chumvi na kurudi. Nyaulingo alikuwa amekwenda kununua chungwa.

Na nani aliusoma ukurasa huo asubuhi ile, akaupitisha? Fundi hakulijua hilo. Nyaulingo alilijua. Neno *sitini* lilikuwa bado mdomoni mwake.

Alikwenda Baraza la Mashauri peke yake, bila wakili. Zama hizi picha si ushahidi, sauti si ushahidi, karatasi ndiyo kabisa. Mtoto wa chekechea anaweza kughushi hotuba ya marehemu babu yake. Baraza linaamini kitu kimoja tu: ukurasa ulio hai, ufunguliwe mbele ya wajumbe ukiwa palepale ulipo. Basi Nyaulingo aliomba zuio. Mkono wowote wa uongozi usiuguse ukurasa wa mia nne kumi na saba mpaka shauri lisikilizwe, wasije wakausahihisha kimyakimya halafu wakasema hapakuwa na kosa. Baraza likakubali. Likaiamuru Amana iziandikie hospitali zote zenye pampu hizo zisizitumie. Amana ikajibu kwamba imeandika.

Shauri lilikuwa Alhamisi.

*

"Kituo cha Afya Mbalamo, kamwene."

"Kamwene, binti yangu. Hapo kwenu kuna pampu ya dawa inafanya kazi? Te-tisa?"

"Ipo, imefunguliwa boksi jana. Nani mwenzangu?"

"Nyaulingo. Naongea kutoka Amana, Ihemba."

"Lo! Watu wa mwongozo!" Sauti ya nesi ikachangamka. "Leo jua limetoka magharibi. Sisi tukiwapigia tunawekewa nyimbo wiki nzima. Mimi Sista Eusebia. Kuna nini?"

"Mlipata barua? Kuhusu hizo pampu?"

"Barua? Baba, hapa barua ya mwisho ilikuwa ya mapokezi ya Mwenge, na Mwenge wenyewe ulipita njia nyingine."

Nyaulingo alifumba macho. Waliandika, walisema. Mbele ya Baraza, mkono kifuani. "Sasa nani amewekewa?"

"Bibi Atanasia, yule muuza pombe ya ulanzi pale njia panda. Moyo umemchoka, lakini mdomo haujambo. Tangu asubuhi anadai tumfungue akagema mianzi yake, eti vijana wanamwibia."

Nyuma ya nesi sauti kavu ikapasua: "Mwulize kama ni daktari! Kama si daktari akate simu, anamaliza umeme!"

"Umemsikia," Sista Eusebia alisema, akicheka.

"Nimemsikia. Sista, nisikilize vizuri. Ikifika saa tisa, hiyo pampu itamuua."

Kicheko kikakatika. "Baba, umeamkia kilabuni?"

"Sinywi. Ukurasa wake una kosa. Hatua ya pili imeandikwa sitini, inatakiwa moja."

"Subiri." Alisikia viatu vikivuka sakafu, kisha sauti laini ya mashine, sauti ya mwanamke asiyewahi kugombana na mtu: *Mwongozo umesomwa leo saa mbili asubuhi na msomaji wa kumi na nne. Umelingana.*

"Haya," nesi alirudi. "Umesomwa leo leo. Nikuamini wewe au huyo msomaji wa kumi na nne?"

"Msomaji wa kumi na nne ni mimi."

"Basi ulisoma uongo asubuhi," alisema Sista Eusebia taratibu, "au unasema uongo sasa. Chagua moja nikuelewe."

"Ichomoe tu, binti yangu."

"Niichomoe? Hiyo dawa ndiyo inayomshikilia. Nikiitoa hamalizi saa nzima. Kumwekea kwa mkono siruhusiwi, sheria ya Mkono Usiguse unaijua, kabati la dawa lenyewe linafunguliwa na pampu. Daktari yuko semina wilayani, simu amezima." Hofu yake aliificha kwa ukali. "Kama kosa liko kwenye ukurasa, rekebisheni ukurasa! Si ndiyo kazi yenu? Mnatunza nini huko?"

*

Meneja, Bwana Gervas Rwechungura, alikuwa na ofisi yenye zulia na jiko la umeme la kupashia miguu. Alisimama Nyaulingo alipoingia, akamvutia kiti. Tangu msibani alikuwa mwema kupita kiasi.

"Mzee wangu, karibu. Chai?"

"Kuna pampu inafanya kazi Mbalamo. Mlisema mmewaandikia."

Rwechungura alikaa. Aligusa meza, akasoma, uso wake ukabadilika kidogo tu, kama maji yaliyopitiwa na upepo. "Tuliwaandikia wote waliokuwa kwenye orodha. Hao pampu yao ni ya msaada, haikuorodheshwa. Hilo si la kwetu."

"Wapigie sasa. Waambie ukurasa una kosa."

"Siwezi."

"Una mdomo."

"Mzee, nikipiga simu nikasema ukurasa una kosa, nimekiri. Mwanasheria ametukataza hata kukohoa kabla ya Alhamisi." Akainua mikono. "Na kuurekebisha siwezi pia. Nani aliuwekea zuio? Si wewe? Mimi mikono yangu imefungwa kwa kamba yako."

Maneno yale yalimuuma Nyaulingo kuliko tusi. Miezi mitano alilala akihesabu dhambi za wakubwa kama mtu anavyohesabu kuku wake jioni. Sasa mmoja wao alikuwa amemkabidhi kuku aliye wa Nyaulingo mwenyewe.

"Lakini," alisema Rwechungura, akafungua droo upesi mno, "kuna njia. Ukiondoa shauri, zuio linaanguka palepale. Dakika tano tu naagiza ukurasa mpya kwa waundaji, na huyo bibi anapona." Karatasi ikateleza mezani. Ilikuwa tayari imechapwa. Ilikuwa na jina lake.

Nyaulingo aliisoma jinsi alivyozoea, kila neno, midomo ikicheza. *Mimi, mume wa marehemu, nakiri kwamba marehemu alifariki kwa maradhi ya muda mrefu. Kwamba pampu ilifanya kazi ipasavyo. Kwamba mwongozo haukuwa na kosa. Kwamba sina dai.*

"Karatasi hii ina siku ngapi kwenye hiyo droo?"

"Mzee, si wakati wa—"

"Sekalinga alikuwa na malaria na moyo kwenda mbio. Jumapili alichimba viazi matuta manne. Maradhi gani ya muda mrefu?"

"Ni maneno ya kisheria tu. Weka dole gumba hapo." Rwechungura alisogeza kidau cha wino. Hakuwa mtu mbaya wa kwenye hadithi. Macho yake yalikuwa yanatazama saa ukutani kwa hofu ya kweli. Alitaka bibi wa Mbalamo aishi. Alitaka tu gharama yake ailipe mtu mwingine.

"Nikisema hakufa kwa pampu," Nyaulingo aliuliza, "alikufa kwa nini? Nikamwambie nini dada yake?"

Akaiacha karatasi mezani, na kidau kikiwa wazi.

*

Mama Onesmo alimkuta kwenye ngazi za nyuma. Alikuwa msomaji wa tisa, zamani muuza vitunguu, mwanamke mpana mwenye sauti iliyowahi kuuza gunia zima kwa siku ya mvua. Alikaa ngazi ya chini yake bila kuambiwa, akamsikiliza mpaka mwisho akitafuna muwa.

"Saa ngapi sasa?"

"Saba unusu."

Alitema kapi. "Nikuambie kitu ambacho mwenyewe unakijua lakini unaona aibu? Kaa hapa. Usifanye lolote. Saa tisa itafika, yatatokea, na Alhamisi utaingia Barazani na vifo viwili. Vifo viwili vya ukurasa mmoja! Rwechungura atalala ndani. Kampuni itafungwa. Pampu zote za aina hiyo nchi nzima zitang'olewa. Huyo bibi ana miaka mingapi?"

"Sijui. Mzee."

"Basi."

Wazo lile lilikuwa limemtembelea Nyaulingo kabla ya Mama Onesmo kulisema. Lilikuja alipokuwa akishuka ngazi, likakaa, likavua viatu. Lilisema kwa sauti yake mwenyewe: *huyo bibi wala humjui*. Na kwa kitambo kidogo, Mungu amsamehe, moyo wake ulikuwa umepata raha ambayo haukuipata tangu kuzika.

"Alinifokea," alisema.

"Nani?"

"Huyo bibi. Eti namaliza umeme."

Mama Onesmo akacheka kwa pua. "Umekwisha wewe. Mtu akishakufokea, huwezi tena kumwacha." Akaweka muwa chini. "Zuio lako linafunga mkono wa uongozi. Mdomo wa msomaji haliufungi. Unanikumbuka nilipong'olewa jino?"

Alikumbuka. Jumba zima lilikumbuka. Mama Onesmo alikuja kazini shavu limevimba kama embe bolibo, akausoma ukurasa wa kinu cha saruji, mtambo ukamkatalia mara tatu mfululizo. Kanuni ya kusoma iliwekwa zamani, kabla ya Amana, kabla hata ya Baraza: ukurasa ukigoma kulingana na sauti ya binadamu mara tatu, unahesabiwa umeoza. Unang'olewa wenyewe, na mpya unaagizwa kwa muundaji bila kumwuliza mtu. Hakuna zuio linaloizuia kanuni hiyo. Na msomaji anaandikiwa kosa.

"Mimi nilisimamishwa mwezi mmoja," Mama Onesmo alisema. "Kwa jino. Wewe ukifanya, hawatakusimamisha mwezi. Fikiri vizuri, kaka yangu. Ukurasa wa zamani ukishang'oka hauko popote, wao hawaweki vya jana. Alhamisi wajumbe watafungua, watakuta moja, safi kabisa. Halafu wataletewa daftari: msomaji wa kumi na nne alikosea kusoma ukurasa huu, mara tatu kwa siku moja. Unajua watakachosema?"

"Watasema hata siku ile nilikosea."

"Watasema wewe ndiye uliyemuua mkeo." Aliyasema akiwa amemgeukia, bila kupunguza sauti. "Nao wataandika. Na dada yake atasoma."

Honi ya zamu ya mchana ikalia. Hakuna aliyenyanyuka.

"Huyo mwanasheria wao atakayeyaandika hayo, ana watoto?" Nyaulingo aliuliza ghafla.

"Nitajuaje mimi?"

"Nilikuwa nataka tu kujua kama wanakula vizuri kwa kazi hiyo."

*

Saa nane na robo alifunga mlango wa kibanda, akaomba usomaji wa marudio. Kila msomaji anayo haki hiyo. Ukurasa ukajitokeza. Tarakimu ya pembeni bado ilikuwa moja.

"Pampu ya dawa, aina ya Te-tisa. Ukurasa wa mia nne kumi na saba. Hatua ya kwanza: tano. Hatua ya pili, saa nane baada ya kuanza..."

Mdomo ulikataa. Miaka sita alikuwa ameufundisha kufuata jicho, jicho lifuate kioo, na katikati pasiingie mtu. Ulijivuta wenyewe kwenda kwenye *sitini* kama punda anayejua njia ya nyumbani. Akaushika kwa meno.

"Moja."

"Haijalingana," mtambo ukasema. "Rudia."

Alirudia. Alipofika mahali pale alimwona Sekalinga, na hakuwa kitandani. Alikuwa amesimama kwenye matuta na jembe, akimfokea kwa kupanda viazi karibu mno. Alifokea kila kitu yule mwanamke: mvua, padri, mbuzi wa jirani. Miaka thelathini na minne Nyaulingo aliomba kimya kidogo nyumbani, akakipata chote kwa mkupuo.

"Moja," akasema.

"Haijalingana. Rudia. Onyo: hii ni mara ya mwisho."

Mlango ulipigwa. "Mzee Nyaulingo!" Ilikuwa sauti ya Rwechungura; mahali fulani juu taa ya onyo ilikuwa imewaka. "Mzee, unafanya nini humo? Toka tuongee! Karatasi nitaibadilisha! Nitatoa yale maneno ya maradhi!"

Nyaulingo aligeuza shingo kidogo. Nitatoa yale maneno. Kumbe yalikuwa yanatoka. Kumbe yote yangeweza kutoka tangu mwanzo, kama mtu angetiwa hofu ya kutosha kuja kugonga mlango. Kwa nukta moja alisita, akawaza kufungua, kukaa kwenye zulia, kupangiwa maneno mazuri zaidi. Kisha akatazama saa. Nane na dakika ishirini na tano. Wangebishana juu ya sentensi mpaka saa tisa na nusu.

Akasoma kutoka juu, polepole, kila neno likiwa zima, kama siku ya kwanza kazini. Na alipofika mwisho akasema moja kwa sauti kubwa kiasi kwamba nje ya mlango kugonga kulikoma.

"Haijalingana. Ukurasa umeng'olewa. Unaagizwa."

Kioo kikawa cheupe. Neno *sitini* lilikuwa limetoweka duniani. Ushahidi wake wote, miezi mitano ya kupanda na kushuka ngazi za Baraza, ulikuwa weupe mtupu wenye ukubwa wa kibao cha kukatia nyama. Alikaa akiutazama na mikono mapajani.

Ilichukua dakika kumi na nne. Ukurasa mpya ulipokuja, mtambo ulimtaka ausome, kwani ukurasa usiosomwa hauwezi kujibu mashine. Akausoma. Hatua ya kwanza: tano. Hatua ya pili: moja. Chini kabisa palikuwa na mstari ambao ule wa zamani haukuwa nao, naye akausoma pia kwa kuwa kazi ni kazi: tarehe ambayo waundaji waliandika marekebisho, bila kusema walirekebisha nini.

Ilikuwa siku kumi na tisa kabla Sekalinga hajalazwa.

Siku kumi na tisa ukurasa wa kweli ulikuwa umekaa huko kwa waundaji, tayari, unangoja mtu auagize. Hakuna aliyeuagiza. Wa hapa ulikuwa unalingana.

"Imelingana," mtambo ukasema, na muhuri ukaanguka.

*

Sista Eusebia alipiga simu saa tisa na dakika kumi, Nyaulingo akiwa ameketi kwenye benchi la ukumbini. Rwechungura alisimama hatua tatu mbele yake na fomu ya kosa la msomaji. Alikuwa amekwisha kujaza nusu.

"Baba?" Nesi alikuwa anahema. "Ilisimama. Saa nane na nusu hivi ilisimama kabisa, nikasema basi, amekwisha. Dakika kumi na nne nimeshika mkono wa bibi. Halafu ikauliza tena, ikaendelea. Saa tisa ilipofika imeandika moja. Moja, baba."

"Anaendeleaje?"

"Amelala kidogo, ameamka, amedai chakula." Akashusha sauti. "Kumbe ulikuwa unasema kweli."

"Utakuja Alhamisi uliseme hilo? Barazani?"

Alimsikia akifikiri, na akajua jibu kabla halijafika, maana lilikuwa jibu la haki.

"Nitasema nini, baba? Pampu ilisimama kidogo, ikaendelea, ikatoa dawa sawasawa. Hicho ndicho nilichokiona. Wakiniuliza kama mgonjwa alidhurika, nitasema hapana. Hakudhurika."

"Ndiyo," alisema Nyaulingo. "Hakudhurika."

Rwechungura alikohoa. "Mzee, naomba saini kabla ofisi haijafungwa. Ni utaratibu tu. Kwamba uliona tofauti na kilichoandikwa. Umri, macho, tutaweka hivyo, ni kwa faida yako."

Kwenye simu palisikika mvutano, kitu kikianguka, Sista Eusebia akisema "Bibi, taratibu, mirija hiyo!" Kisha ile sauti kavu ikaingia sikioni mwa Nyaulingo ikiwa imejaa pumzi.

"Ni wewe uliyepiga asubuhi? Wewe ndiye unayezimazima mashine za watu? Mimi nimelala hapa, moyo wangu mmoja tu, wewe unacheza na swichi! Mama yako hakukufundisha? Na nikuambie, mianzi yangu upande wa mtoni imejaa tangu juzi, nani atagema? Utakuja wewe kugema? Unajua kugema au unajua kupiga simu tu?"

Meneja akasogea hatua moja, akanyoosha fomu na kalamu.

Nyaulingo aliinua kiganja kumzuia.

"Subiri, Bwana Rwechungura," alisema. "Kuna mtu anaongea."